Sauti ya WhatsApp ikigoma kuingia kwenye programu ya kuhariri video

Msimu wa Maulidi hapa Lamu kila mwenye simu ni mpiga video, na malalamiko ni yale yale: picha zimeingia vizuri, lakini kasida aliyotumiwa kwa WhatsApp imekataa, au imeingia kimya. Kabla hujafuta programu na kuiweka upya (haisaidii, na bando linaisha bure), tazama jina la faili linaishia na nini. Sauti iliyorekodiwa ndani ya WhatsApp huwa ni ya aina ya Opus, mwishoni utaona .opus au .ogg. Programu nyingi za kuhariri haziifungui. Kubadilisha jina tu liwe .mp3 ni kujidanganya, kilichomo ndani ni kile kile.

Igeuze iwe WAV, aina ya faili la sauti ambalo programu za kuhariri hulipokea. Kama kompyuta ina FFmpeg (programu ya bure ya kugeuza sauti na video), andika hivi kwenye dirisha la amri (terminal), ukiweka jina la faili lako badala ya kasida.opus:

ffmpeg -i kasida.opus -ar 48000 kasida.wav

Hiyo 48000 ni hezi, kiwango cha kawaida cha sauti za video. Faili litanenepa, usishtuke. VLC, programu ya kuchezea video, nayo hugeuza, ila kwa kubofyabofya zaidi.

Ikiwa sauti imeingia lakini kadiri video inavyosonga matari yanaachana na mikono ya wapigaji, hilo ni jambo jingine: simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayopandashuka. Ipitishe video kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, chagua kasi isiyobadilika, ndipo uhariri.

Ili kuepuka usumbufu wa Opus, siku nyingine mwambie mtu arekodi kwa rekoda ya simu yake, kisha akutumie faili kama dokumenti.