Kabla Kijana Hajapewa Funguo Ohio: Bima Ipangwe Mapema

Jimbo la Ohio, Marekani, linamruhusu mtoto kuchukua kibali cha kujifunza udereva akiwa na miaka 15 na miezi 6, na leseni ya awali kuanzia miaka 16. Katikati kuna saa 24 za darasani, saa 8 barabarani na mwalimu, na saa 50 za kuendesha akiwa na mzazi au mlezi, 10 kati yake usiku. Miezi hiyo ndiyo ya kushughulikia bima. Anayengoja mpaka leseni itoke hujikuta anachukua chochote anachotajiwa kwenye simu, maana mtoto amesimama mlangoni anadai funguo.

La kwanza ni sahihi yako. Mtoto wa chini ya miaka 18 hapati leseni bila mzazi au mlezi kumtilia sahihi pale BMV, ofisi ya jimbo inayotoa leseni na kusajili magari, na wengi tunaisaini ile karatasi kama tunavyosaini fomu za shule, huku tunaangalia saa. Kwa sheria ya Ohio, mtoto huyo akifanya uzembe barabarani, uzembe wake unahesabiwa pia kuwa wa aliyemtilia sahihi, na madhara mtalipa wote wawili. Kinachokuondolea mzigo huo ni mtoto kuwa na bima inayofikia kiwango cha sheria. Ukiona mambo yameharibika, sheria inakuruhusu pia kuomba leseni yake ifutwe, na kuanzia hapo huwajibiki tena kwa sahihi hiyo.

Sasa unaelewa kwa nini ule ushauri unaozunguka misibani na harusini, wa kutomtaja mtoto kwa kampuni ili malipo yasipande, ni ushauri mbaya. Kampuni ikiuliza ni nani wanaoishi nyumbani wenye umri wa kuendesha, inataka wote: mwanao, mtoto wa dada yako aliyekuja kusoma, shemeji anayelala chumba cha chini. Ukificha, siku ya ajali watachunguza, na wanaweza kukataa kulipa au kuvunja mkataba. Ipo pia karatasi halali ya kumwondoa mtu kwenye bima kwa jina. Hiyo inashusha gharama kweli, ila maana yake ni kwamba akigusa usukani hata kwa dharura, gari halina bima. Isaini kwa mtu ambaye una hakika haendeshi, si kwa kijana anayejua funguo zinapotundikwa. Mtoto akiwa bado na kibali cha kujifunza, kampuni nyingi hazitozi zaidi, lakini piga simu uulize.

Kuhusu bei, jiandae. Kwa kila maili wanayoendesha, madereva wa miaka 16 hadi 19 nchini Marekani hupata ajali za vifo karibu mara 3 zaidi ya wenye miaka 20 na kuendelea, na kampuni zinapiga hesabu kwa hilo. Mvulana kwa kawaida hutozwa zaidi ya msichana. Kwetu sisi tuliohamia hapa kutoka Afrika linaongezeka jambo jingine: kampuni nyingi hazihesabu miaka uliyoendesha Kigoma au Bukavu, kwa hiyo baba mwenye uzoefu wa miaka 20 huonekana kwenye makaratasi yao kama mgeni wa barabara. Hata hivyo, kumwongeza mtoto kwenye bima ya familia karibu kila mara ni nafuu kuliko kumkatia ya peke yake. Omba bei kwa kampuni tatu au nne, lakini uwape wote viwango vilevile, la sivyo unalinganisha vitu visivyofanana.

Na hapo kwenye viwango ndipo pa kukaa kidogo. Ohio inadai angalau dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 50,000 kwa wote walioumia katika ajali moja, na 25,000 kwa mali ya watu. Hii ndiyo bima ndogo tuliyoizoea nyumbani: inamlipa uliyemgonga, gari lako haliliangalii. Tuseme kijana amepita alama ya kusimama na kugonga pikapu mpya ya dola 55,000 ikaharibika kabisa. Kampuni italipa 25,000. Dola 30,000 zilizobaki, mwenye pikapu au kampuni yake watazidai mahakamani kwa kijana, na hukumu inaweza kuja kukata sehemu ya mshahara wake wa kwanza. Wewe mwenye gari nawe unaweza kushtakiwa kwa kumkabidhi gari mtu uliyejua hajaiva. Na hapo bado hatujagusa hospitali, na bili za hospitali za nchi hii tunazijua. Kupandisha viwango hadi 100,000, 300,000 na 100,000 hakuzidishi malipo mara nne. Nyongeza mara nyingi ni ndogo kuliko unavyohofia. Mimi ningebana penginepo pote kabla ya kubana hapa. Ongeza na kinga dhidi ya dereva asiye na bima, kwa sababu wako wengi.

Pa kubana ni gari lenyewe. Bima ya mgongano hulipia gari lako likigonga au kugongwa. Ile nyingine ya mambo mengine, inayoitwa "comprehensive", hulipia wizi, mvua ya mawe, na paa anayeruka barabarani, ambao Ohio huwa wengi zaidi Oktoba hadi Desemba. Gari lenye mkopo, benki itakulazimisha uwe nazo zote mbili. Gari la zamani ulilolimaliza kulipa, la dola 3,000 hivi, halina haja ya bima ya mgongano inayokula nusu ya thamani yake kwa mwaka. Kwa gari la katikati, pandisha didaktibo, yaani kile unachotoa mfukoni kabla kampuni haijaanza kulipa, kutoka 500 hadi 1,000, mradi hiyo 1,000 ipo kweli na haimo kwenye mchezo wa kuchangiana pesa wa mwezi ujao.

Punguzo liombwe, halijileti. Wastani wa B shuleni unatosha kwa kampuni nyingi. Peleka ripoti ya matokeo kila muhula. Kifaa au programu ya simu inayopima uendeshaji husaidia kijana mtulivu, ila baadhi ya kampuni humpandishia anayefunga breki kwa ghafla na kuendesha usiku wa manane. Usiku wa manane kwanza kwa kawaida hana ruhusa: miezi 12 ya mwanzo asiyetimiza miaka 18 kwa kawaida haendeshi kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi bila mzazi, na habebi zaidi ya mtu mmoja asiye wa familia. Vijana wa kwaya na mpira, hapa panahusika.

Mambo mawili yanayosahaulika. Kijana akianza kusambaza pizza au chakula cha programu za simu, bima ya kawaida ya familia mara nyingi haigharamii ajali ya kazini. Uliza kabla ya zamu ya kwanza. Na gari ukiliazimisha kwa jirani anayekwenda kuchukua wageni uwanja wa ndege, bima inayoanza kulipa ni ya gari lako, na ajali yake inaingia kwenye rekodi yako ya bima.

Siku ya kupiga simu, usimweke kijana mwenyewe awe mkalimani. Kiingereza chake ni kizuri, lakini ana haraka na mkataba unamhusu yeye. Kampuni nyingi kubwa zina wakalimani wa simu. Sema "Swahili" na usubiri. Omba viwango vyote kwa maandishi, majina ya wote waliomo, na orodha ya walioondolewa. Akienda chuo zaidi ya maili 100 na kuacha gari nyumbani, wapigie tena wakupe punguzo la mwanafunzi aliye mbali.