Somo: Kumfanya farasi akuamini kabla hujampanda

Wadau, habari za kazi. Msimu wa wageni unakaribia, na vijana wengi wa Usa River, Machame na West Kilimanjaro watachukuliwa kwenye mashamba yanayopandisha wageni farasi. Wengi wamekua na ng'ombe na punda na wanajua wanyama, lakini farasi wanakutana naye kazini kwa mara ya kwanza. Hao ndio ninaowaandikia. Hatua zote hapa chini zinasimama juu ya jambo moja: farasi hujifunza pale unapomwachia.

Hatua ya 1: Mwendee kwa upande anaokuona

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, takriban nyuzi 350 kati ya 360. Sehemu asizoziona ni mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Basi mwendee kwa upande wa bega, taratibu, ukimsemesha. Mkono unaomjia moja kwa moja kwenye paji hupotea machoni pake kabla haujamgusa, ndiyo maana anarusha kichwa.

Nyekundu haioni kama sisi. Rangi anazozitofautisha vizuri ni bluu na manjano. Shuka la Kimasai halimtishi kwa wekundu, linamtisha likipeperuka. Ukiwa umelivaa, lifunge vizuri kiunoni.

Hatua ya 2: Mkune, usimpigepige

Tafuta mahali shingo inapokutana na mgongo, mwisho wa zile singa. Farasi hukunana hapo wao kwa wao, na imepimwa kwamba akikunwa hapo mapigo ya moyo wake hushuka. Akiwa ametulia moyo hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika, na unaweza kuhesabu mwenyewe kwa kuweka vidole kwenye mshipa ulio chini ya taya. Kule kumpiga shingo makofi ya pongezi kunamfurahisha mpandaji tu.

Hatua ya 3: Kuachia

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanaporuka wakitaka kupanda haraka.

Simama naye akiwa na kamba ya kichwani tu. Unataka apige hatua moja mbele. Ivute kamba kidogo, kisha kaa na uzito uleule. Usiongeze kwa hasira, usipunguze kwa huruma. Atafikiri. Huenda akainua kichwa, akasukuma kando, akarudi nyuma. Wewe baki na uzito uleule. Mara tu atakapoegemeza mwili mbele, hata kabla mguu haujainuka, legeza kamba kabisa. Papo hapo. Ukichelewa hata sekunde chache, hajui tena ni kitendo gani kilichomletea nafuu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni hili: farasi anarusha kichwa juu, kijana anashtuka na kuachia kamba. Amemfundisha kwamba kurusha kichwa kunalipa, na kesho atarusha zaidi. Baada ya wiki anaitwa mkorofi, kumbe ni mwanafunzi mzuri aliyepewa somo baya.

Sheria hiyohiyo inapanda nawe mgongoni. Ukimgusa kwa mguu ili aende, akienda mguu utulie. Ukivuta hatamu, zile kamba za kumwongozea, asimame, akisimama mkono ulegee. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, inakaa kwenye ufizi mtupu, ile nafasi isiyo na meno. Mkono unaoning'inia pale saa nzima hauna ujumbe, una maumivu tu, na farasi ataacha kuusikiliza.

Mashambani kwetu farasi mmoja hupandwa na watu wengi, kila mgeni na mkono wake. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mwalimu wa kweli wa farasi huyo ni saisi, yaani mtunza farasi, anayemtoa bandani kila asubuhi. Masaisi wa banda moja wakubaliane: neno moja la kusimama, ishara moja ya kwenda. Akipata jibu lilelile kwa kila mtu, anatulia.

Hatua ya 4: Bodaboda, turubai na mengineyo

Usianze siku ya soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi. Mwombe jirani mwenye bodaboda akusaidie siku tulivu. Kwanza pikipiki ikiwa imezimwa, kisha ikinguruma imesimama. Kaa umbali ambao farasi anaitazama lakini bado anaweza kukata nyasi na kutafuna. Akiweza kula hapo, sogea kidogo. Akiacha kula na kukaza shingo, rudi nyuma. Kisha pikipiki iondoke polepole na ninyi muifuate. Kitu kinachomkimbia hakimtishi kama kinachomjia, na baada ya kukifuata mara kadhaa anaanza kukiona cha kawaida.

Hatua ya 5: Kupanda

Tumia kipandio, hata gogo linatosha. Kuning'inia kwenye kikuku, pale pa kukanyagia mguu, kunapinda tandiko na mgongo wake. Mpandaji na tandiko kwa pamoja wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni kilo 90.

Ukishakaa, pumua. Farasi anausoma mwili wako kuliko unavyodhani. Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, kulikuwa na farasi aitwaye Hans ambaye watu waliamini anajua hesabu, kwa sababu alipiga kwato hadi kwenye jibu sahihi. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alikuwa akisoma mienendo midogo sana ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua anaifanya. Basi hofu yako juu ya tandiko haifichiki.

Maswali ya wanakikundi

*Kijana wa Tengeru:* Shikamoo mwalimu. Farasi wetu akikazwa mkanda wa tumbo anageuka kutaka kuuma. Tumkomeshe vipi?

Marahaba. Anza kwa kutafuta maumivu: vidonda chini ya mkanda, tandiko linalobana, hata vidonda vya tumbo. Mwite daktari wa mifugo. Mkanda ukazwe tundu mojamoja, huku ukimtembeza katikati. Anayeumia usimwadhibu kwa kukuambia.

*Dada wa Moshi:* Naweza kumzawadia parachichi? Tunayo mengi shambani.

Hapana, dada. Parachichi ni sumu kwa farasi, tunda, majani na magome, kwa hiyo hata kumfunga chini ya mti usimfunge. Mahindi yenye ukungu nayo huua. Farasi hawezi kutapika, akishameza ameshameza. Mpe karoti iliyokatwa kwa urefu, kiganja kikiwa wazi, na umpe akiwa amesimama vizuri. Akikupekua mfukoni asipate kitu.

*Baba wa Machame:* Tangu masika wangu hana raha, hataki hata kushikwa. Amepoteza imani?

Shikamoo mzee wangu. Mpime joto kwanza. La kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Akiwa na homa, uvimbe juu ya macho au povu puani, mwite daktari leo hii. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi mapambazuko. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua. Waingize farasi wako wote bandani kabla jua halijazama na uwatoe likishachomoza.

*Mwongoza wageni, Usa River:* Mgeni ameanguka, farasi amekimbia akarudi bandani mwenyewe. Nimwadhibu?

Usimwadhibu. Ukimchapa akiwa bandani, atajifunza kwamba kufika bandani kunauma. Mshike kwa utulivu, legeza mkanda, kagua miguu na mgongo, mtembeze apoe, mpe maji. Kesho mrudishe palepale akimfuata farasi mtulivu, na juu yake ukae wewe.