Kijana wa kidato cha nne dukani kwako

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari. Katikati hapo, wenye maduka wenzangu wa Mbuyuni, Moshi, tuwachukue vijana tuwafundishe kazi.

Mwanzoni simpi fedha za duka azishike. Asalimie wateja, apange bidhaa, aandike daftarini kilichotoka na kilichobaki.

Kisha chenji. Aihesabu kwa sauti, na noti ya elfu kumi aliyopewa ibaki juu ya meza mpaka mteja apokee chenji yake. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Malipo ya simu ayahakikishe kwenye simu ya duka, asiridhike na meseji ya mteja.

Akichelewa apige simu mwenyewe, siyo mama yake.

Na mlipe, jamani, hata akiwa mpwa wako.