Kufuma tumbawe la rangi kwa kroshia

Aliyezoea kufuma vitambaa vya makochi anajua kwamba duara likianza kuleta mawimbi, linafumuliwa. Hapa mawimbi ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifuma umbo la namna hii ili wanafunzi waishike jiometria mikononi. Mwaka 2005 mapacha Margaret na Christine Wertheim wakaanza kulitumia kufuma miamba mizima ya matumbawe ya nyuzi. Anayeishi karibu na bahari ya Pemba au Malindi hahitaji picha ya kuigiza.

Mabaki ya uzi wa akriliki (wa kiwandani, si sufu wala pamba) ya unene wa kati, gramu 50 kwa jumla, yanatosha tumbawe la kwanza na chenji inabaki. Tumia kroshia ya milimita 3.5 hata kama lebo ya uzi inataka 4.5 au 5. Mishono ikilegea, tumbawe linalala kama kitambaa kilicholowa. Tafuta pia pini ya kufungia na sindano butu yenye tundu kubwa.

Fuma minyororo 2, kisha piga mishono mifupi 6 ndani ya mnyororo wa kwanza (mshono mfupi: choma kroshia, vuta kitanzi, kisha vuta uzi upite vitanzi vyote viwili). Usifunge mzunguko, endelea kuzunguka kama konokono, pini ikikuonyesha mzunguko unapoanzia. Mzunguko wa pili, piga miwili katika kila mshono: 12. Wa tatu, mmoja kisha miwili: 18. Kuanzia wa nne hesabu haibadiliki tena: mmoja, mmoja, miwili, yaani unaongeza katika kila mshono wa tatu. Utapata 24, 32, 42, halafu takriban 56, 75, 100, 133, na mzunguko wa 11 unafika kama 177. Duara bapa lingekuwa na mishono 66 tu hapo. Hiyo mingine yote haina pa kukaa, ndiyo maana ukingo unajikunja.

Wengi huanza kuongeza kila mshono wa tatu tangu mwanzo kabisa, wakashangaa kupata kikombe. Sababu ni kwamba duara bapa linataka nyongeza 6 kila mzunguko, na mishono 6 ya mwanzo inakupa nyongeza 2 tu. Ukitaka mawimbi mapana, ongeza kila mshono wa sita, ila kwanza fuma duara bapa hadi ufike mishono 36. Kuongeza katika kila mshono hutoa donge zito kama ngumi. Linapendeza, lakini linachosha vidole na kula uzi vibaya sana.

Uzi wenyewe una hila. Kwa hesabu ya kila mshono wa tatu, mzunguko wa mwisho peke yake hula kama robo ya uzi wote. Rangi ya ukingo basi iwe ile uliyonayo nyingi. Kabla ya kuianza, fumua mishono 10, pima urefu wa uzi uliotoka, gawanya kwa 10, kisha zidisha kwa idadi ya mishono unayotarajia. Ukiishiwa katikati ya ukingo, kiraka kitaonekana tu.

Kubadili rangi kuna siri moja. Mshono wa mwisho wa rangi ya zamani usiumalize: ukibaki na vitanzi viwili kwenye kroshia, vuta rangi mpya ipite vyote viwili. Kitanzi hicho ndicho kinachokuwa kichwa cha mshono unaofuata, kwa hiyo ukikimaliza kwa rangi ya zamani, doa lake litapanda juu ya rangi mpya. Acha mikia ya sentimita 15, na ifiche kwa sindano kwenda na kurudi, maana akriliki huteleza.

Kuchagua rangi ni suala la macho, lakini simu inasaidia. Panga nyuzi mezani, zipige picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mbili zinazotoa kijivu kilekile zitamezana zikikaa jirani, hata kama moja ni nyekundu na nyingine kijani. Ukikwama, chukua rangi za kanga unayoipenda. Kiini kiwe cheusi au zambarau nzito, ukingo uwe mwepesi kuliko vyote: mawimbi huonekana kwa ukingo.

Usilipige pasi, joto hulegeza akriliki moja kwa moja. Lioshe kwa maji baridi, likamue ndani ya taulo, kisha panga mikunjo kwa vidole lingali na unyevu.