Kupima Athari za Baridi kwenye Majani ya Nyanya na Kabichi

Mkulima wa Njombe au Makete anajua kwamba mwezi Juni na Julai kabichi huendelea kustawi shambani, ilhali nyanya zilizopandwa bila kifuniko hudumaa na majani yake kunyauka. Tofauti hiyo huanzia ndani ya seli, mapema kabla jani halijabadilika rangi, na inaweza kupimwa katika maabara ya kawaida kwa vipimo viwili: kuvuja kwa chumvi kutoka ndani ya seli, na kiasi cha prolini, ambayo ni asidi amino inayolimbikizwa na mmea ukiwa kwenye shida. Nasisitiza vifanywe vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu cha kwanza huonyesha kilichoharibika na cha pili huonyesha namna mmea ulivyojibu, na kimoja peke yake hupotosha.

Joto linaposhuka, mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli huanza kugandamana na utando hukakamaa. Kalsiamu huingia ndani ya seli na kuamsha mfululizo wa protini zinazowasha jeni za kukabili baridi. Katika mmea wa utafiti uitwao Arabidopsis, ambao ni wa familia moja na kabichi, jeni hizo, za kundi liitwalo CBF, huanza kuitika ndani ya dakika 15 tu baada ya mmea kuwekwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Baadaye seli huongeza asidi za mafuta zisizokolea ili utando ulainike, na hulimbikiza sukari na prolini. Nyanya nayo ina jeni za CBF, lakini haina uwezo kama huo wa kujizoesha baridi.

Hatua ya 1: Andaa miche. Otesha nyanya na kabichi kwenye udongo wa aina moja hadi zifikishe wiki nne au tano, kisha zinyweshe vizuri jioni ya kuamkia jaribio. Gawa kila aina makundi mawili, moja libaki kwenye nyuzi 25 na jingine liende kwenye nyuzi 4, yote yakipata mwanga hafifu unaolingana. Usilipuuze suala la mwanga: kwenye baridi, klorofili huendelea kunasa nishati wakati vimeng'enya vya kutengeneza sukari vimepunguza kasi, na nishati ya ziada huzalisha oksijeni kali, pamoja na haidrojeni peroksaidi, ambazo hushambulia utando. Kundi moja likiwa gizani na jingine kwenye mwanga, utakuwa umepima mwanga, si baridi.

Hatua ya 2: Pima kuvuja kwa chumvi. Baada ya saa 24, 48 na 72, kata vipande vya mviringo vyenye kipenyo cha sentimita 1 kutoka majani ya umri mmoja, ukikwepa mshipa mkuu. Vioshe mara tatu kwa maji yaliyokenekwa ili kuondoa utomvu wa kingo zilizokatwa, kisha viloweke ndani ya mililita 20 za maji hayo hayo na uvitikise taratibu kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 25, muda uwe uleule kwa sampuli zote. Soma upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda kadiri chumvi inavyovuja. Chemsha sampuli kwa dakika 20 ili kuua seli zote, ziache zipoe mpaka nyuzi 25, kisha soma tena. Gawanya usomaji wa kwanza kwa wa pili na uzidishe kwa 100, upate asilimia ya chumvi iliyovuja. Usisome maji yakiwa bado ya vuguvugu, kwa kuwa upitishaji hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto.

Hatua ya 3: Pima prolini. Saga gramu 0.5 za jani katika mililita 10 za asidi ya salfosalisili ya asilimia 3, kisha chuja. Changanya mililita 2 za mchujo, mililita 2 za ninhidrini yenye asidi (kemikali inayogeuka nyekundu ikikutana na prolini) na mililita 2 za asidi asetiki kali. Weka kwenye maji yanayochemka kwa saa moja, halafu kwenye barafu. Ongeza mililita 4 za tolueni, tikisa, na usome tabaka jekundu la juu kwenye spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa na rangi) kwa nanomita 520, ukilinganisha na prolini ya viwango vinavyojulikana. Kazi ya tolueni ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke, bila kisingizio.

Hatua ya 4: Soma matokeo kwa uangalifu. Mizizi iliyopoa hunyonya maji kidogo, na vinyweleo vya nyanya, yaani vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, huchelewa kufunga, hivyo jani hunyauka hata udongo ukiwa umelowa. Jani lililopoteza maji huonyesha prolini nyingi kwa kila gramu ya uzito mbichi, ingawa huenda hakuna hata chembe mpya iliyotengenezwa. Kwa hiyo kausha sehemu ya kila sampuli kwenye oveni na uandike matokeo kwa uzito mkavu. Prolini ikipanda huku kuvuja nako kukipanda, usiuite mmea huo mstahimilivu. Umejibu, lakini utando wake umeshindwa.

Ukiwa na friza inayoweza kushushwa joto taratibu, linganisha pia kabichi iliyokaa wiki moja kwenye nyuzi 4 na ile iliyotoka moja kwa moja kwenye nyuzi 25, ukizishusha zote hadi nyuzi 5 chini ya sifuri. Jani linapofika nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri, ligusishe chembe ya barafu, kwani bila hivyo maji yake yanaweza kupita kiwango cha kuganda yakiwa bado kimiminika, na ile isiyozoeshwa itaonekana salama kimakosa.