SOMO: Jenereta inayokula petroli na gesi, jinsi ya kuichagua na kuitumia nyumbani

Wakuu salaam. Kuna jenereta hizi za mafuta zaidi ya aina moja, mtu anaambiwa "hii inakula kila kitu" anabeba. Haili kila kitu. Nyingi zinakula petroli na gesi ya mtungi, hii hii ya kupikia, chache zina na njia ya tatu ya gesi asilia inayokuja kwa bomba. Injini ni ya plagi ya cheche (cheche ndo inayowasha mafuta), kwa hiyo dizeli au mafuta ya taa usithubutu kuweka.

Faida yake ni nini basi? Petroli ikikaa kwenye tenki miezi kadhaa inachacha na kuacha utando kwenye kabureta (pale petroli inapochanganyika na hewa), siku umeme ukikatika unavuta kamba mpaka bega linauma na haiwaki. Gesi ikiwa kwenye mtungi inakaa miaka, haichachi. Na jenereta ya dharura muda mwingi inakaa tu inasubiri, ndo maana nashauri gesi iwe mafuta yako ya kawaida, petroli iwe akiba.

Hatua ya 1: hesabu ya mzigo
Usinunue kwa macho. Andika vitu unavyotaka viwake kwa pamoja na wati zake. Mfano friji 150, taa za LED nane jumla 80, TV 100, ruta 15, pampu ndogo ya maji 600. Jumla 945, mtu anasema nachukua ya wati 1000 inatosha. Haitoshi, kwa sababu vitu vyenye mota vinaamka kwa nguvu mara tatu au zaidi ya zile vinazotembelea, pampu hiyo ya 600 inaweza kudai 1800 kwa sekunde moja mbili. Kwa hiyo chukua vile vingine, 345, jumlisha 1800, unapata 2145. Hapo nimechukulia friji na pampu haviamki sekunde moja, usiviwashe pamoja.

Halafu hapa ndo wengi wanapopigwa: namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya petroli, tena mara nyingi ni ile ya kuamshia mzigo, sio ya kutembea nayo. Ukitumia gesi ya mtungi nguvu inashuka kama asilimia 10, gesi asilia inashuka zaidi, inaweza kufika 20 mpaka 30. Soma namba ya gesi, hiyo ndo ya kulinganisha na hesabu yako, na usiiendeshe muda mrefu zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Kama una kompyuta na vitu laini laini tafuta ya inveta, umeme wake umetulia na kelele ni ndogo.

Hatua ya 2: pa kuiweka
Nje. Sio gereji, sio stoo, sio kibarazani mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, watu wanalala na hawaamki, na gesi haikuokoi maana nayo inatoa sumu hiyo hiyo. Iwe angalau mita 6 kutoka nyumbani, ekzosi itazame mbali na madirisha yako na ya jirani. Ndani weka kile kifaa cha kupiga kelele kikinusa kaboni monoksaidi, usikiruke hata kama bajeti imebana.

Hatua ya 3: kuunganisha
Ama unachomeka vitu moja kwa moja kwa ekstensheni nene, ama fundi umeme anakufungia chenji-ova swichi, ile ya kuchagua umeme wa mtaani au wa jenereta, sio vyote kwa pamoja. Ile waya ya plagi pande mbili unayochomeka kwenye soketi ya ukutani ni mauti: umeme unarudi kwenye nyaya za mtaani, transfoma inaupandisha, na fundi aliyeko juu ya nguzo anaamini laini imekufa.

Hatua ya 4: kuwasha kwa gesi
Angalia oili. Mtungi usimame wima, ukiulaza gesi inakuja ya maji maji kwenye regulata. Funga mpira, fungua mtungi taratibu, paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu funga kwanza urekebishe. Zungusha swichi kwenye gesi, washa bila mzigo, iache ipate moto dakika chache, ndo uanze kuweka kitu kimoja kimoja, chenye mota kubwa kwanza. Kuzima ni kinyume: toa mzigo, funga mtungi, iishie yenyewe.

Oili ya kwanza mwaga baada ya masaa 20 hivi, zile za mbele fuata kitabu chake. Na kila mwezi iwashe na mzigo kidogo hata kama umeme haujakatika.

MASWALI

Mkuu, yangu imeandikwa 3 kVA, fundi ananiambia ni kilowati 2.4, ananidanganya?
– Hajakudanganya kama kwenye kibao pameandikwa 0.8 (pawa fakta, sehemu ya kVA inayokuwa kilowati), ni 3 mara 0.8. Wewe hesabu kwa kilowati.

Mtungi wangu unaota barafu kwa nje halafu jenereta inakohoa, shida nini?
– Unavuta gesi kwa kasi kuliko mtungi unavyoweza kuigeuza mvuke, hasa ukiwa mdogo au umekaribia kuisha. Punguza mzigo au tumia mtungi mkubwa zaidi. Usiupashe kwa moto, tafadhali sana!

Naweza kuhama kutoka petroli kwenda gesi ikiwa inatembea?
– Inategemea mashine, soma kitabu chake. Salama zaidi toa mzigo, funga koki ya petroli, acha kabureta ikauke mpaka izime, ndo uhamie gesi. Hii inakusaidia pia, hubaki na petroli ya kuchacha ndani.

Nakaa ghorofani nina balkoni tu, niiweke hapo nikifunga mlango?
– Hapana ndugu yangu, moshi utaingia kwako na kwa wa juu yako. Wewe tafuta betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), utaendesha taa, ruta na TV, na ukipanda saizi hata friji.