SOMO: Mbolea ya boma, jinsi ya kuiweka shambani bila naitrojeni kuishia hewani

Naandika hii mara moja ndio niwe nawaelekeza watu hapa, maana kila wiki naulizwa inboksi "nimwage juu ama nifukie". Nalima mahindi na viazi Njoro, ng'ombe wanne wa kufungiwa.

1. Rundika kwa kivuli, funika na nailoni, mvua isiingie.

2. Geuza kila baada ya wiki mbili tatu hivi. Rundo likilowa na kukosa hewa ndani linatoa methani, gesi inayopasha dunia joto.

3. Kama miezi mitatu hivi, ikishakuwa nyeusi na haichomi mkono, iko tayari.

4. Peleka shambani jioni ama siku ya mawingu na ufukie SIKU HIYO HIYO, urefu wa kidole unatosha. Ile harufu kali inayochoma pua ni amonia, yaani naitrojeni uliyotaka iwe chakula cha mahindi inaenda zake. Amonia yenyewe haipashi dunia joto lakini inaangukia mahali pengine na sehemu yake inageuka naitrasi oksaidi, na hiyo gesi kilo moja inashika joto kama kilo 270 za kaboni daioksaidi kwa miaka 100.

5. Angalia maji KABLA ya kufukia. Hapa ndio niliumia. Mwaka wa 2018, ile mvua kubwa ya Nakuru, nilichimba mitaro nikajaza slari mbichi (mavi na mkojo wa ng'ombe, majimaji), nikafukia vizuri kabisa, na shamba lilikuwa limelowa hata gambuti zinanasa. Kesho yake nikarusha CAN (ile mbolea ya dukani ya naitrojeni) juu nikidhani naongeza nguvu, kumbe nusu ya naitrojeni ya CAN ni naitreti, na bakteria wa udongo wakikosa hewa wanapumua hiyo naitreti badala ya oksijeni, halafu slari ikawa ndio chakula chao, kwa hivyo nilikuwa nimewapa kila kitu. Naitrojeni ikatoka kama gesi, nyingine naitrasi oksaidi, mahindi yakabaki manjano na pesa ya mbolea ikaenda. Kwa hivyo: finya udongo kwa ngumi, maji yakitoka rudi nyumbani. CAN na mbolea mbichi zisikutane, ziachane hata wiki mbili. Na kufukia kunazuia amonia, lakini kwa udongo uliojaa maji kunaongeza hiyo gesi nyingine, usishike upande mmoja tu.

MASWALI

Mkulima wa Molo: Kaka kwa hivyo naweza kuchanganya na CAN kwa shimo moja nimalize kazi?
Jibu: Soma namba 5.

Mkulima wa Molo: Nimesoma lakini mimi kwangu hakuna shida
Jibu: Gesi haionekani ndugu yangu, na haina rangi. Utajuaje hakuna shida?

Nyar Kisumu: Samahani, si hayo mahindi yalikuwa manjano kwa sababu ya maji tu? Mizizi ikikosa hewa pia yanageuka manjano.
Jibu: Swali zuri sana dada, na maji yalichangia, sikatai. Lakini kulikuwa na laini tatu kando hazikupata slari, zilipata CAN tu, mteremko ule ule na maji yale yale, zikarudi kijani mapema. Hapo ndio nilianza kuulizia.

Nyar Kisumu: Na hiyo gesi wanaipimaje kama haionekani?
Jibu: Wanafunika kipande cha udongo na boksi lisilopitisha hewa, wanavuta hewa ya ndani na sindano kila baada ya dakika kadhaa, halafu mashine inaonyesha gesi imepanda kiasi gani. ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pale Nairobi wana kituo kinaitwa Mazingira wanafanya hiyo kazi kwa mashamba yetu ya Kenya. Uliza chochote kingine, hii mambo naipenda.

Baba Wafula, Bungoma: Mbolea ya kuku je, niweke viganja viwili kwa shimo kama ninavyoweka ya ng'ombe?
Jibu: Hapana mzee, punguza, ya kuku ina naitrojeni nyingi zaidi na ikiwa mbichi inachoma mbegu. Kufukia ni lazima zaidi.

Mama Otis, Ahero: Na sisi wa mpunga? Maji yako hapo siku zote.
Jibu: Mpunga silimi, wenzako wajibu.

Jirani wa Ahero: Mama, huku shida kubwa ni methani. Acha maji yashuke mpaka udongo uonekane, halafu rudisha, lakini sio wakati mpunga unachanua. Mboji iliyoiva ni afadhali kuliko mavi mabichi, mabichi ndio yanatoa methani nyingi.
Jibu: Asante jirani. Mnapoacha maji yashuke, mnangoja siku ngapi kabla ya kurudisha?